Mwongozo kamili wa kuandaa ombi la ruzuku ya utafiti wa tiba kwa mtafiti mpya wa Dar es Salaam

Kila msimu wa maombi ukipita, malalamiko ya watafiti vijana hufanana: wazo limesifiwa, pesa hazikutoka. Wengi huhitimisha kwamba kuna upendeleo, au kwamba jina lao halijulikani. Ukisoma maoni waliyorudishiwa na wahakiki, mara nyingi unakuta jambo jingine. Lengo la pili linahitaji washiriki 600, sehemu ya mbinu inataja 250, bajeti imenunua vikopo 300 vya sampuli, na ratiba imewapa miezi minne. Kila sehemu ukiisoma peke yake ni nzuri. Ukiziweka pamoja zinabishana.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kila sehemu izaliwe na iliyotangulia. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: usugu wa bakteria wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), yaani bakteria wasiouawa tena na dawa, kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki Temeke. Makadirio yaliyomo kwenye mfano ni ya kukokotolea tu. Wewe utaweka ya kwako.

Jipe miezi sita kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kuwasilisha. Kama imebaki chini ya miezi mitatu na hujaanza, subiri dirisha lijalo, utapoteza muda mdogo zaidi.

## Viwe mezani kabla hujaandika

- Tangazo la mfadhili, toleo la sasa, limechapwa kwenye karatasi.
- Barua au barua pepe ya taasisi yako inayothibitisha kwamba una ajira au nafasi itakayodumu muda wote wa ruzuku.
- Wasifu wako, pamoja na orodha ya machapisho inayoonyesha wewe ni mwandishi wa ngapi katika kila moja.
- Takwimu za awali, hata kama ni za rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa wa vituo vya afya) au za tasnifu yako ya uzamili.
- Jina la mtakwimu aliyekubali kufanya kazi na wewe, siyo aliyeahidi "tutaangalia".
- Ankara za makisio kutoka kwa wauzaji wa vitendanishi wasiopungua wawili.
- Mtu wa ofisi ya utafiti ya taasisi yako unayeweza kumpigia simu akapokea.

Hicho cha mwisho usikidharau.

## Hatua ya 1: Mchague mfadhili kwa masharti yake, siyo kwa ukubwa wa fungu

Mtafiti mpya ana faida moja ambayo profesa hana: kuna mafungu yaliyotengwa kwa ajili yake. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, humhesabu mtafiti kuwa wa hatua za mwanzo akiwa ndani ya miaka 10 tangu amalize shahada yake ya mwisho au mafunzo ya ubingwa, na hajawahi kupata ruzuku yao kubwa. Wellcome ya Uingereza ina tuzo za watafiti wanaoanza, na taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati zinaruhusiwa kuomba. Global Health EDCTP3 hutoa ruzuku za ubia kati ya Ulaya na Afrika. Science for Africa Foundation ya Nairobi hutangaza miito yake. Hapa nyumbani kuna MTUSATE, mfuko ulio chini ya COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), ofisi zake zikiwa Kijitonyama.

Chora jedwali lenye safu nne: sharti, ninalo, sina, nitalipataje na lini. Jaza kila sharti la tangazo, hata linaloonekana dogo. Ukiwa na "sina" mbili ambazo hazina tarehe ya kupatikana, achana na tangazo hilo.

Tahadhari. Masharti hubadilika katikati ya safari. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha utoaji wa ruzuku zenye mikataba midogo kwa taasisi zilizo nje ya Marekani hadi utaratibu mpya uwekwe. Watu waliokuwa wanaandika kwa kufuata andiko la mwenzao la miaka miwili nyuma walijikuta wameandika kitu ambacho hakina mlango. Andiko la mwenzako likufundishe namna ya kuandika. Masharti yachukue kwenye tangazo.

Ukimaliza hatua hii unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini mfadhili huyu, mwaka huu, anamtafuta mtu kama wewe.

## Hatua ya 2: Amsha taasisi kabla ya kuamsha kompyuta

Ruzuku hupewa taasisi. Wewe ni mtafiti mkuu, lakini anayesaini na kubonyeza kitufe cha mwisho mara nyingi ni afisa aliyeidhinishwa wa MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), wa Taasisi ya Afya Ifakara, au wa hospitali yako.

Kwa fedha za Marekani, taasisi lazima iwe na namba ya utambulisho ya UEI (iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022), usajili hai katika SAM.gov (tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaopokea fedha zake), na akaunti za eRA Commons (mfumo wa maombi wa NIH), yake na yako. Taasisi ya nje ya Marekani inahitaji pia msimbo wa utambulisho wa NCAGE kabla ya kusajiliwa SAM.gov. NIH yenyewe inashauri kutenga wiki sita au zaidi kwa usajili huu. Na usajili wa SAM.gov huisha kila mwaka. Taasisi iliyokuwa nao mwaka jana si lazima iwe nao leo.

Wiki ya kwanza kabisa, nenda ofisi ya utafiti kwa miguu yako na uulize maswali matatu. Usajili wetu unaisha lini? Nani anasaini, na akisafiri nani anakaimu? Mnataka andiko siku ngapi kabla ya tarehe ya mwisho ili mlipitie? Jibu la swali la tatu ndilo tarehe yako halisi ya mwisho.

## Hatua ya 3: Ukurasa mmoja wa malengo

Usifungue fomu bado. Wala usianze na usuli wa tatizo wenye kurasa nane. Andika ukurasa mmoja tu, kwa sababu ndio ambao kila mhakiki atausoma wote, wakiwemo wale ambao hawakupangiwa andiko lako ila watalipigia kura.

Ukurasa huo una kazi nne, kwa mpangilio huu: tatizo na ukubwa wake, kisichojulikana, utakachofanya na nadharia tete yako, kitakachobadilika ukifanikiwa.

Hapo kwenye kisichojulikana ndipo andiko la mtafiti mpya hufa. Utakuta imeandikwa: "Hakuna utafiti wa aina hii uliowahi kufanyika Temeke." Inaweza kuwa kweli, lakini siyo hoja. Hata Kigamboni haujafanyika, na Mkuranga pia. Mhakiki anataka kujua ni uamuzi gani unafanyika gizani kwa sababu jibu halipo.

Chukua utafiti wa watoto wenye homa uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto 1,005, malaria ilikutwa kwa karibu mmoja tu katika kila kumi, na wengi walikuwa na maambukizi ya virusi. Thamani yake haikuwa kwamba Ifakara ilikuwa haijaguswa. Ilikuwa kwamba mganga aliye zahanati humwandikia mtoto dawa akiamini jambo fulani kuhusu homa, na imani hiyo ilihitaji kupimwa.

Kwa mfano wetu, pengo lisomeke hivi: mjamzito mwenye dalili za UTI hupewa antibiotiki kabla mkojo haujaoteshwa (kuwekwa maabara ili bakteria wakue na kupimwa), na anayeandika dawa hajui ni sehemu gani ya bakteria wa eneo hilo wameshaizoea. Sasa kuna mtu anayehitaji jibu.

Malengo yawe mawili au matatu. Linganisha:

*Dhaifu:* Kuchunguza masuala ya UTI kwa wajawazito wa Temeke.

*Imara:* Kukadiria sehemu ya bakteria wa UTI wenye usugu kwa antibiotiki ya seftriaksoni miongoni mwa wajawazito wanaohudhuria kliniki katika vituo vitatu vya Manispaa ya Temeke.

La kwanza haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kufanikiwa.

Tahadhari. Malengo yasibebane. Kama lengo la pili linawezekana tu endapo la kwanza litatoa jibu unalolitarajia, mhakiki ataandika kwamba mradi mzima umesimama kwenye dau moja.

Utajuaje ukurasa umeiva? Mpe daktari rafiki yako wa fani nyingine kabisa, wa mifupa kwa mfano. Akisoma mara moja, muombe akueleze utafanya nini. Akikosea, kosa ni la ukurasa.

## Hatua ya 4: Idadi ya washiriki, ambapo kila kitu huvunjika

Hapa tutakaa kidogo.

Lengo letu la kwanza linakadiria kiwango. Tuseme tunatarajia asilimia 20 ya bakteria wawe sugu kwa seftriaksoni, na tunataka kukosea kwa si zaidi ya pointi tano za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kanuni iliyozoeleka inatoa:

1.96² × 0.20 × 0.80 ÷ 0.05² = 245.9, yaani 246.

Wengi hufunga kikokotoo hapo na kuandika "wajawazito 246". Lakini soma lengo tena. Tunakadiria usugu wa *bakteria*. Hizo 246 ni sampuli zilizoota, siyo wanawake. Tuseme mkojo wa mwanamke mmoja tu kati ya watano utaotesha kitu cha maana: tunahitaji wajawazito 246 ÷ 0.2 = 1,230. Tuseme tena sampuli moja kati ya kumi itaharibika au haitafaa: 1,230 ÷ 0.9 = 1,367. Gawanya kwa 0.9. Usizidishe kwa 1.1, maana utapata 1,353 na kupungukiwa. Tofauti ni ndogo, ila mtakwimu aliye kwenye jopo ataiona, na akiiona ataanza kutafuta nyingine.

Sasa lengo la pili: kulinganisha usugu kati ya waliotumia antibiotiki miezi mitatu iliyopita na wasiotumia. Kanuni ya juu haifai tena, kwa sababu huu ni ulinganisho. Ili kugundua tofauti ya asilimia 20 dhidi ya 30, kwa nguvu ya kitakwimu (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo) ya asilimia 80, unahitaji karibu sampuli 291 zilizoota katika kila kundi, jumla 582. Kwa mjamzito mmoja kati ya watano, hao ni wanawake 2,910, kabla hujatoa zitakazoharibika, na ukidhani makundi yatagawanyika nusu kwa nusu, jambo ambalo halitatokea.

Una njia tatu: uongeze vituo na pesa, ulifute lengo la pili, au uliite la uchunguzi wa awali na kusema wazi kwamba halikupewa nguvu ya kutoa jibu la mwisho. Kwa ruzuku ya kwanza, mimi ningelifuta. Andiko lenye lengo moja linalotimia humshinda jirani yake mwenye malengo manne yanayoning'inia.

Geuza idadi iwe siku. Ukiandikisha wajawazito 12 kwa siku, siku tano kwa wiki, hao 1,367 watachukua karibu wiki 23. Ongeza sikukuu, siku ambazo muuguzi wako ataitwa semina, na wiki za mvua za masika ambapo mahudhurio hushuka. Andika miezi saba au minane. Kisha thibitisha kwa rejesta ya MTUHA kwamba vituo hivyo vitatu vinapokea wajawazito wa kutosha. Idadi ya mahudhurio ya mwaka uliopita, ikiwekwa kwenye jedwali dogo, ina nguvu kuliko aya nzima ya "tuna uhusiano mzuri na vituo".

## Hatua ya 5: Mbinu zinazofuata njia ya sampuli

Andika mbinu kwa kuifuata sampuli moja kutoka mkononi mwa mama hadi kwenye faili la takwimu. Kila inapobadilisha mkono, eleza nani, wapi, muda gani, na nini kikiharibika.

Mkojo unapaswa kufika maabara ndani ya saa mbili, au ukae kwenye ubaridi wa friji na kuoteshwa ndani ya saa 24. Anayejua barabara ya Kilwa anajua kwamba kutoka Mbagala hadi Upanga asubuhi, saa mbili siyo ahadi ya kumpa mtu. Kwa hiyo andiko linahitaji boksi la ubaridi, kipimajoto ndani yake, mtu wa pikipiki mwenye mkataba, na fomu ya kuandika saa ya kuchukua na saa ya kupokea. Vitu hivyo vinne vitarudi tena kwenye bajeti.

Kwa maabara, taja mwongozo utakaoutumia kusoma usugu, wa CLSI (Marekani) au EUCAST (Ulaya), na toleo lake, maana viwango hubadilika. Taja bakteria wa udhibiti wa ubora, kwa E. coli, ATCC 25922 ndiyo iliyozoeleka. Sema umeme ukikatika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri itashikiliwa na nini. Mhakiki aliyewahi kufanya kazi ukanda huu atatafuta sentensi hiyo, na asiyewahi ataipenda.

Sehemu ya vikwazo na njia mbadala usiiandike kama toba. "Tukipata chini ya sampuli 50 zilizoota kwa mwezi ifikapo mwezi wa tatu, tutaongeza kituo cha nne, ambacho tayari kimeridhia": hiyo ni mipango. "Tunatambua kwamba uandikishaji unaweza kuwa mgumu": hiyo haisaidii mtu.

## Hatua ya 6: Watu na barua

Mtafiti mpya haulizwi kama anajua kila kitu. Anaulizwa ni nani atamshika mkono pale asipojua. Pitia mbinu zako, na kando ya kila kazi andika jina. Penye nafasi tupu ndipo unahitaji mtafiti mwenza au mlezi.

Usijaze majina makubwa kwa ajili ya sura. Profesa aliyemo kwenye maandiko mengi kwa wakati mmoja, na barua yake inasema tu kwamba anakutakia kila la heri, anakupunguzia alama. Barua nzuri inasema atakutana nawe mara ngapi, atakupa nini, na uamuzi wa kisayansi utakuwa wa nani.

Mwombe mapema na umrahisishie. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo Profesa. Ni mimi kutoka idara ya mikrobiolojia. Naandaa ombi la ruzuku kuhusu usugu wa bakteria wa UTI kwa wajawazito wa Temeke, na nimeambatanisha ukurasa mmoja wa malengo. Naomba mambo mawili: maoni yako juu ya lengo la kwanza ifikapo Ijumaa ijayo, na kama utaridhia, uwe mlezi wangu katika ombi hili. Rasimu ya barua nitaiandaa mimi, wewe utairekebisha upendavyo. Nitapita ofisini Jumatano kama utakuwa na nafasi."

Asipojibu, pita hiyo Jumatano.

## Hatua ya 7: Bajeti

Bajeti huandikwa baada ya mbinu, na kila mstari wake lazima uweze kuoneshwa kwa kidole ulikotoka. Wajawazito 1,367 ni vikopo 1,367, pamoja na akiba ya asilimia kumi: 1,504. Sampuli 246 zinazotarajiwa kuota ndizo zinazonunuliwa diski za antibiotiki za kupimia usugu, siyo zote 1,367. Ukinunua diski kwa wote umeonesha hujui kazi. Ukinunua sahani za kuoteshea kwa 246 umeonesha hivyo hivyo.

Yanayosahaulika Dar es Salaam, kwa uzoefu wa kupitia bajeti za wengine:

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara. Msamaha wa mradi huombwa, haujileti wenyewe. Kama huna barua ya msamaha, weka kodi.

Manunuzi ya taasisi za umma hupita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni. Vitendanishi vinavyoagizwa nje vikikutana na utaratibu huo, miezi miwili huenda bila mtu kufanya uzembe. Kwa hiyo ratiba ianze na manunuzi, halafu uandikishaji, na uweke mshahara wa msaidizi wa utafiti uanze mwezi wa tatu badala ya wa kwanza. Usimlipe mtu akae akisubiri sahani.

Mishahara ina makato ya mwajiri: NSSF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na mengine. Waulize rasilimali watu wakupe jumla ya gharama kwa mwajiri. Ukiandika kile anachopokea mtu benki, mwaka wa pili utaanza kukopa.

Nauli ya washiriki iwepo na iwe ya kweli. Ikiwa ndogo mno unawatoza akina mama gharama ya utafiti wako, ikiwa kubwa mno kamati ya maadili itauliza kama unawanunua.

Kisha kuna mafuta ya jenereta, bando la intaneti la vishikwambi vya kukusanyia takwimu, ada za kamati za maadili, shajala, na ada ya kuchapisha makala. Gharama za uendeshaji za taasisi zina kiwango ambacho mfadhili anakikubali. Kifuate hicho, na kama taasisi yako inadai zaidi, wao wajadiliane na mfadhili kabla wewe hujaandika chochote.

Tahadhari. Bajeti ya chini haipendezi kama wengi wanavyodhani. Mhakiki anayeona kazi ya milioni mia imeombewa milioni arobaini hahitimishi kwamba wewe ni mwadilifu. Anahitimisha kwamba haitakamilika.

Maelezo ya bajeti yaandike kwa sentensi kamili: kitu gani, ngapi, kwa nini idadi hiyo, bei imetoka wapi, na sarafu imebadilishwa kwa kiwango cha tarehe gani. Shilingi hucheza. Omba kwa sarafu ya mfadhili na uache nafasi pale anaporuhusu.

## Hatua ya 8: Maadili na vibali

Wafadhili wengi hawahitaji kibali cha maadili siku ya kuwasilisha; wanakitaka kabla ya kutoa pesa. Hiyo isikulaze. Wanachotaka kuona ni kwamba unaijua njia, na muda wake umo kwenye ratiba.

Njia ya kawaida huanzia kamati ya maadili ya taasisi yako. Utafiti wenye washirika wa nje au majaribio ya tiba huenda pia kwa kamati ya taifa, NatHREC, iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Jaribio la dawa au kifaa tiba linahitaji idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtafiti mwenza raia wa nje anahitaji kibali cha COSTECH. Sampuli zikivuka mpaka, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Jiulize mara mbili kama kweli lazima zivuke, kwa sababu kipimo kinachoweza kufanyika Muhimbili kikipelekwa Ulaya, kamati itataka sababu, na haki iko upande wake.

Halafu kuna milango ya vituo. Hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Mwananyamala na Temeke ziko chini ya Wizara ya Afya. Vituo vya afya na zahanati viko chini ya manispaa, kwa hiyo barua hupita kwa mkurugenzi na kwa Mganga Mkuu wa Manispaa. Usipeleke barua ya mlango mmoja kwenye mlango mwingine ukadhani watakuelekeza siku hiyo hiyo.

Kwenye taarifa za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inagusa pia kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kama takwimu zako zitahifadhiwa kwenye kompyuta ya chuo rafiki kilichoko ng'ambo, eleza zitafichwaje utambulisho na chini ya makubaliano gani.

Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili kwanza, cha mtu anayezungumza na mama kwenye benchi la kliniki. Amua pia mapema kuhusu wajawazito walio chini ya miaka 18. Wapo kliniki, wana UTI kama wengine, na kuwaacha nje kimya kimya ni uamuzi unaohitaji sababu iliyoandikwa.

## Hatua ya 9: Wahakiki wa nyumbani

Wiki sita kabla ya tarehe yako halisi, tafuta wasomaji watatu: mmoja wa fani yako, mmoja wa nje ya fani, na mmoja aliyewahi kupata ruzuku hiyo au kukaa kwenye jopo. Wape vigezo vya mfadhili na uwaombe alama, siyo pongezi. Kwa NIH, tangu Januari 2025 maombi mengi hupimwa kwa mafungu matatu: umuhimu wa utafiti, uthabiti na uwezekano wa kutekelezeka, na utaalamu pamoja na rasilimali. Mafungu mawili ya kwanza na ombi kwa ujumla hupewa alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora; la tatu huelezwa tu kama linatosha au halitoshi. Waambie hilo, kuna watu wamewahi kumpa rafiki yao 9 kwa mapenzi.

Wakati wao wanasoma, wewe fanya ukaguzi wa namba. Chukua kalamu nyekundu, zungushia kila namba kwenye ukurasa wa malengo, mbinu, ratiba, bajeti na fomu ya maadili. 1,367 iwe 1,367 kote. Vituo vitatu viwe vitatu kote, kwa majina yale yale. Kazi hii inachosha na inachukua siku nzima. Usiwape wasomaji wakufanyie.

## Hatua ya 10: Kuwasilisha

Pakia siku tatu kabla. Mfumo hukataa faili kwa sababu za kipuuzi: fonti ndogo, ukurasa wa kumi na tatu pale ambapo R01, ruzuku kuu ya utafiti ya NIH, inaruhusu kumi na mbili, jina la faili lenye alama isiyokubalika. Baada ya kupakia, pakua nakala iliyounganishwa na uisome yote, kwa sababu hiyo ndiyo atakayoiona mhakiki.

Angalia saa. NIH hufunga saa 5:00 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba, yaani saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam. Miito ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hufunga 17:00 ya Brussels, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chao, na saa moja usiku wakati wa baridi yao. Andika saa hiyo kwa maneno ukutani, na umtumie afisa anayesaini. Kuna aliyesoma "5:00" akaitafsiri saa tano usiku.

Umefanikiwa ukishapata namba ya kumbukumbu kutoka mfumo wa mfadhili, siyo barua pepe ya ofisini inayosema "tumetuma".

## Hatua ya 11: Majibu yakirudi

Maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza, hata ya watu unaowaheshimu. Soma maoni mara moja, yafunge, yafungue tena baada ya wiki. Yagawe makundi matatu: wameelewa na wako sahihi, hawakuelewa, hamkubaliani. Kundi la pili hutibiwa kama la kwanza, kwa kuandika upya sehemu husika, kwa sababu asiyeelewa leo atafuatwa kesho na mwingine asiyeelewa.

NIH huruhusu kurudisha ombi lile lile mara moja ndani ya miezi 37, likiwa na ukurasa mmoja wa kueleza mabadiliko. Ukurasa huo uanze na pingamizi zito kuliko yote, useme umefanya nini, na uelekeze lilipo kwenye andiko jipya. Usimshukuru mhakiki aya nzima. Kabla hujaurudisha, rudi ofisi ya utafiti na uulize tena usajili wa SAM.gov unaisha lini.